Siku Niliyopeleka Daftari Wodini

Nyumba ya kona, ghorofa ya pili,
juu ya duka la vitasa na misumari.
Alhamisi, 9 Mei, saa nne na nusu asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Magoti yanasemaje? Na shemeji yangu, ameacha kukohoa au bado anaamsha mtaa mzima? Sisi huku tu wazima, ila uzima wangu leo ni wa mwili tu, moyo unarukaruka tangu kulipokucha. Nimefua nguo ambazo zilikuwa safi. Nimepanga vyombo kabatini, nikavipangua, nikavipanga tena. Sasa nimeshika kalamu, labda itanifunga kitini.

Kwanza nisahihishe jambo. Mwaka jana nilikuandikia kwamba Ngongoti, mwanangu na mwanao, anasomea udaktari. Si udaktari. Anasomea uuguzi wa afya ya akili, na mwisho wake ni digrii kamili. Pale mkono uliteleza, na nikuambie ukweli, niliuona ukiteleza nikauacha. Wote uliowatangazia, watangazie upya. Na usiseme kwa sauti ya kuomba radhi, maana hii nayo si ndogo.

Unakumbuka alivyoishia. Matokeo yake ya sekondari yalikuja mabovu, chuo kikamkataa, akaenda kuwa msaidizi wa wodi: kutandika vitanda, kuogesha, kulisha, kusindikiza wagonjwa wakapunge hewa. Miaka sita. Wenzake wakawa wanampita na shahada zao mkononi. Sasa hospitali imefungua njia nyingine kwa watu kama yeye, waliokwisha kuiva kazini. Siku tatu yuko wodini, siku mbili yuko chuoni, na mshahara hawaugusi. Miaka minne hivyo, halafu anavaa joho lile lile la waliokaa darasani tu. Waliomba watu sitini, wakachukuliwa wanane. Wanane, mdogo wangu! Na wetu alikuwa wa pili. Wa kwanza ni mwanamume mmoja aliyekuwa mhasibu, huyo hatumweki kwenye hesabu.

Sasa yuko mwaka wa pili. Kila anachojifunza kina mstari wake kwenye daftari la mafunzo, na muuguzi anayemfundisha hatii sahihi mpaka aridhike. Kuna mstari wa sindano. Kuna mstari wa kuzungumza na mtu anayesikia sauti, bila kumbishia na bila kumkubalia. Kuna na mstari wa kukaa na mgonjwa. Nilicheka, mtu mzima kutiwa sahihi kwa kukaa! Kumbe ni kazi. Usikae kati yake na mlango, asije akajiona amefungiwa. Usimsimamie kichwani. Usitazame saa. Na akinyamaza, usiharakie kuujaza ukimya.

Kazi imemwingia mpaka nyumbani. Juzi nimemkuta jikoni anahesabu visu vyangu baada ya chakula, kama wanavyovihesabu wodini kisije kikapotea kimoja, mwenyewe hata hajijui. Na nikianza kufoka, ananiambia kwa upole, “Mama, naona kuna jambo limekuumiza. Ungependa tulizungumze?” Nikamwambia, “Wee! Usiniuguze mimi, osha vyombo!”

Ngoja, nasikia hatua kwenye ngazi.

Si yeye, ni jirani wa juu. Na kweli haiwezi kuwa yeye, saa tano bado.

Sasa nikwambie kinachonirusha kitini. Leo saa tano mwanao anaketi mbele ya watu watatu, nao wataamua kama aendelee na masomo au arudi kutandika vitanda. Na aliyemfikisha hapo ni mimi, dada yako.

Ilikuwa hivi. Mwezi uliopita alisahau daftari lake hapa mezani, na siku hiyo ndiyo muuguzi wake alikuwa atie sahihi kabla ya kwenda likizo. Nikasema nalipeleka. Safari ni ya dakika kumi, mimi kuvaa tu nilitumia saa nzima. Nilitia gauni la zambarau, lile ulilonitumia wewe. Nilitaka waone anakotoka. Nikabonyeza kengele, nikafunguliwa, nikaambiwa nisubiri kwenye chumba cha wageni. Chumba kile mlango wake una kioo. Mimi na kioo unatujua. Nikachungulia, nikamwona Ngongoti wetu ameketi na mgonjwa, wanacheza karata. Na mgonjwa yule nikamtambua.

Simtaji. Hata kama ni mwanamume au mwanamke sikwambii. Nitasema hili tu: zamani, mbele za watu, mtu huyo alinitolea maneno kwamba binti yangu amerefuka mwili akasahau kurefuka akili. Hukuwepo siku hiyo. Na usikisie. Nakujua, umeshaanza kukisia. Acha.

Nilirudi nyumbani nikiwa sikanyagi chini. Nikapita kwa fundi cherehani, yule wa mkabala na kituo cha basi, nikakuta wateja wawili. Hata sikuketi. Nikasema, “Fundi, dunia hii! Aliyemdharau mwanangu, leo anapewa dawa kwa mkono wa mwanangu!” Nikataja jina, zima zima, na la baba yake. Fundi akaacha kukanyaga cherehani. Mdogo wangu, nikuambie ukweli, nilipouona ule mguu wake umesimama, nilijisikia mkubwa.

Kumbe kazini kwa mtu yule walikuwa wameambiwa amekwenda kupasuliwa mgongo. Kufika wiki iliyofuata, habari ilikuwa imeshatua kwenye meza yake ya kazi. Wenzake wakamwendea wodini na nyuso za kumhurumia. Haya sikuambiwa na mwanao, yeye ya wodini hayatoi mdomoni. Nilirudishiwa na mtaa ule ule niliouambia.

Nilikimbia kwa fundi. “Fundi, nilichokwambia kifie hapa hapa.” Akaitoa pini mdomoni, akasema, “Mama, hicho kimeshakufa kikafufuka mara tatu. Jana kimerudi kwangu kikiwa na mguu wa ziada.”

Jumatano ya wiki iliyopita Ngongoti akarudi mapema. Akavua viatu, akavipanga. Akasema, “Nimesimamishwa, Mama. Siri ya mgonjwa imetoka.” Halafu akauliza, “Siku ile ya daftari, ulipita wapi?”

“Nilikuja nyumbani moja kwa moja,” nikasema.

Hakubisha. Alivuta kiti, akakaa upande wangu, mlango akaniachia wazi. Akakaa tu. Chai yangu ikapoa. Nilitazama dari, nikatazama kucha zangu, nikasema nyanya zimekuwa ghali, hakujibu. Mwisho nikatapika yote, fundi, wateja, jina na la baba.

Nilidhani atapiga kelele. Akasema, “Asante kwa kuniambia.” Nikamwambia, “Nitukane tu, itanisaidia.” Akasema, “Leo sina nguvu, Mama. Ngoja kesho.” Na kesho ilipofika alinigombeza kweli, kwa adabu, lakini kila neno lilipata mahali pake.

Jumatatu nikaenda mwenyewe kwa muuguzi mkuu wa wodi. Safari hii nilivaa gauni la kazi. Ni mama mfupi, miwani inaning’inia kifuani, sauti yake lazima uinamishe kichwa uisikie.

“Binti yako alikwambia kwamba mgonjwa huyu yuko hapa?”

“Hapana. Niliona kwa macho yangu.”

“Na kusema?”

“Nilisema kwa mdomo wangu. Niandikeni mimi, mwacheni yeye.”

Akaandika. Nikaomba nimwone mgonjwa nimwangukie miguuni. Akavaa miwani, akanitazama vizuri. “Hapana, mama. Hapo utakuwa unatafuta nafuu yako, si yake.”

Kisha akaniambia neno ambalo sijalimeza mpaka leo. Akasema mwanangu naye ana kosa lake, na ndilo wanalolijadili. Aliniona kwenye kioo siku ile. Alitakiwa awaambie wao kwamba mgonjwa ameonwa na mtu anayemfahamu, na jioni yake anionye nifunge mdomo. Hakufanya vyote viwili. Walipomuuliza kwa nini, alisema hakuona haja, mama yake anajua kunyamaza.

Mdogo wangu, mtu kuniita mropokaji nimezoea. Hili la kuaminiwa ndilo limeninyima raha.

Sasa ni saa sita kasoro. Watakuwa wameingia. Nimechungulia dirishani mpaka mwenye duka chini ameniuliza kama kuna moto. Naacha kalamu kidogo.

Saa kumi na moja jioni.

Amerudi. Alipanda ngazi polepole, nikazihesabu zote ishirini na mbili. Nilikuwa nimejiandaa na maneno mengi, alipofungua mlango nikafungua mdomo. Akaniwahi yeye: “Nimebaki.”

Nilimkumbatia mpaka akaniomba apumue. Lakini sikiliza walivyoamua. Sahihi zote za miezi mitatu ya wodi ile zimefutwa, ataanza mafunzo hayo upya, wodi nyingine. Wenzake saba watavaa majoho, yeye siku hiyo atakuwa kwenye viti vya kupiga makofi, atasubiri kundi linalofuata. Na wodi anayopelekwa haniambii. Wala jengo. Wala kama ni hospitali hiyo hiyo. Ndilo sharti alilojiwekea mwenyewe mbele ya wale watatu. Asubuhi atatoka hapa na mfuko wake, na mimi, niliyekuwa najua hata amekula nini saa saba, nitamwambia kazi njema basi.

Kwa hiyo ukiulizwa na watu, sema mtoto wetu yuko kazini na yuko masomoni, ukome hapo. Na hii barua usiisome kwa sauti sebuleni kama ulivyozoea. Kila nikitaka kujisifu nitakuandikia wewe, nisije nikapasuka bure. Maana bado ni wa pili kati ya sitini, hilo hakuna aliyelifuta.

Nimemuuliza jambo moja tu jioni hii. Nimesema, “Yule mtu, waliulizia maoni yake?”

“Waliulizia.”

“Akasemaje kuhusu wewe? Na kuhusu mimi?”

Akanitazama. “Mama,” akasema. Basi, akaendelea kukata vitunguu.

Kwa hiyo sitajua. Labda alinisamehe, labda jina langu hataki hata kulisikia, na kama ndiye aliyemwokoa mwanangu leo, sitajua pia. Ila watu hupona wakatoka, na mtaa huu ni mdogo, siku moja tutakutana dukani au kituoni. Nimemuuliza Ngongoti, siku hiyo nifanye nini? Amesema wauguzi wana desturi yao: nisubiri mtu yule anisalimie kwanza. Akinisalimia, niitikie. Asiponisalimia, mimi sijamwona.

Msalimie sana shemeji na kikohozi chake, na wanangu wote mmoja mmoja, na yule mjukuu mnayemwita Bosi mbusu mashavu yote mawili. Mjomba wetu mwambie nimepata salamu zake, na ninaomba asiniulize ya wodini. Ngongoti anakushika mikono, Mama Mdogo. Mungu akulinde, akuinue kila asubuhi bila magoti kulia, na akuweke hai mpaka siku ya joho, hata ikichelewa.

Ni mimi, dada yako wa tumbo moja, nikupendaye kuliko ninavyoweza kunyamaza.