Mama, Panya na Mfuniko wa Sufuria

Rafiki yangu Taeyul, natoa taarifa rasmi: Mama ananipima kama panya wake wa maabara!

Wale waliobadilishwa jeni, wapate ugonjwa wa akili kama wa mjomba Gyuho. Anawapigia sauti ndogo, kisha kishindo. Panya mzima, akishaonywa, hashtuki sana. Mgonjwa huruka.

Tangu nirudi kutoka bweni, Mama anagonga kijiko, ti, halafu anabamiza mfuniko, pwaa! Kisha ananitazama. Ananitazama, Taeyul! "Kunywa supu, mwanangu."

Leo nimelipiza, kwa heshima zote. Kijiko, ti. Mfuniko, pwaa!

Ameruka hadi bakuli la kabichi ya kimchi likaanguka.

Kisha akauliza, polepole: "We mtundu, ulianza na kijiko?"

Mjomba ni pacha wake, Taeyul.

Nikamwambia, "Hapana, Mama. Nilisahau."