Shavu la Paskalina

Temeke, Jumapili, Novemba 1952. Mvua ya rasharasha tangu asubuhi, matope mpaka mlangoni. Nimechoka, na uchovu wa leo si wa mikono.

Wiki nzima nachonga mawe ya majengo ya serikali. Jumapili, badala ya kulala kama binadamu wenzangu, nachonga uso wa marehemu mke wangu, Paskalina, niuweke kaburini kwake. Kwetu kusini tunachonga mti, lakini mchwa wa huku hawana adabu. Ndiyo maana nikachukua jiwe.

Paskalina alikuwa na kinundu shavuni, kama punje ya mtama. Kwenye jiwe hubandiki kinundu baadaye. Lazima ukiache tangu mwanzo, ndipo ulishushe shavu lote kukizunguka.

Sasa niseme ukweli, maana hapa hanisomi mtu.

Nimesahau kilikuwa shavu gani.

Miaka minane tumelala kitanda kimoja, na mitatu tu tangu tumzike! Picha hatukupiga hata moja. Basi nimeacha vinundu viwili, kulia na kushoto, na kila Jumapili najidanganya kwamba wiki ijayo nitakumbuka.

Leo shemeji Tekla, mdogo wake, kaja kutoka Buguruni. Akalitazama jiwe, akaangua kicheko. "We shemeji! Dada alikuwa nacho kimoja. Hivi viwili umevitoa wapi?"

Aibu ikanishika. Nikamweleza yote, nikangoja matusi.

Hakutukana. Aliinua kidole akagusa shavu lake la kulia. Akasita. Akahamia la kushoto, kisha akarudi kulia, na kile kicheko kikamwisha usoni.

"Nilikuwa namwona kila siku, shemeji," alisema. "Nani huangalia?"

Akalia. Na mie nikalia, mtu mzima na vumbi langu la mawe.

Mama yao alishatangulia. Mtoto hatukujaliwa. Tulikaa tukitafuta mtu wa kumuuliza, jina baada ya jina, tukakosa.

Wakati wa kuaga Tekla alinishauri nikate kimoja, chochote, kazi iishe, marehemu apumzike. Nikashika tindo na nyundo. Nikaviweka chini.

Jumapili ijayo nitakata cha kushoto. Inabidi. Na nikikosea, hakuna hata mtu mmoja duniani atakayeniambia, "Wee, umekosea."