Mkono wa Bwana wa Mkonge

Yakobi, Njombe. Jumapili, Juni 1951.

Ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Nimeoga mara mbili kwa maji ya baridi, na bado nausikia ule mkono pajani.

Jana tuliitwa Makambako, mimi na rafiki yangu Lukasi, kupimwa kwa ajili ya mashindano ya kuruka huko Iringa. Bwana Michezo, Mzungu kijana, alitueleza kuwa hatafuti mtu wa kubeba mzigo mzito taratibu. Anataka nguvu inayofyatuka mara moja. Tulipimwa uzito kwa mizani ya magunia, maana mzito akiruka sawa na mwepesi, miguu yake imefanya kazi kubwa zaidi. Kisha tukajipaka chaki vidoleni, tukasimama kando ya ukuta wa ghala, tukaruka na kuugusa. Alama ya Lukasi ilikuwa juu kuliko zote. Yangu ilifuata.

Nilifurahi kama mtoto.

Ndipo mzee mmoja wa Kizungu aliyekuwa amekaa kivulini akainuka. Alinibonyeza paja, akashuka hadi nyuma ya goti, akanifungua mdomo kwa kidole gumba. Kisha akajifuta jasho langu vidoleni kwa kitambaa chake.

"Huyu atakata mkonge vizuri," akamwambia Bwana Michezo.

Nilimwuliza Bwana Michezo maana yake nini. Akatazama chini. Akasema lori la kwenda Iringa ni la shamba la mkonge la yule mzee, na atakayepanda atie sahihi kwanza kwamba mashindano yakiisha atakwenda manamba, kufanya kazi ya mkataba shambani humo.

Kwa hiyo ile chaki yote ilikuwa ya kumchagulia yule mzee watu.

Nilimwambia nimekuja kuruka, sikuja kuuzwa. Nikachukua shati langu. Nilidhani Lukasi ananifuata, lakini alibaki penye ukuta.

"Ndugu yangu," akasema, "nikirudi nyumbani leo, nani mwingine ataniona nikiruka?"

Akatia sahihi, akapanda lori.

Leo baada ya ibada mama yake alinishika mkono nje ya kanisa, akauliza mwanawe aliruka vipi.

"Aliruka kuliko wote, mama."

Akacheka, akawaita wenzake wasikie. Nikasimama pale kama mjinga, sikumwambia habari ya ile sahihi.

Najichukia kwa hilo karibu sawa na ninavyomchukia yule mzee.

Kesho alfajiri, kabla hajashika jembe, nitakwenda kwake nimwambie mwanawe ametia sahihi kwenda wapi.