Siku Niliyomkamata Mkwe

Kilosa, 7 Machi 1937
Leo ni mwaka mmoja na miezi miwili tangu nitoke Mungaa.

Dada Anastazia, shikamoo. Watoto hawajambo? Mimi nina afya, ila viganja vimechanwa na katani.

Bwana wetu, Mzungu wa shamba, ametufundisha mpira wa kwao, mrefu kama yai la mbuni. Unaukumbatia, unakimbia, na wa upande wa pili wanakukamata mpaka uanguke. Watu kumi na watatu kila upande. Anasema kwao wachimba makaa ya mawe huucheza kwa ujira. Hapa mchezaji hupewa nyama, na hodari ni mimi. Mashamba yote wananiita Treni.

Sasa nina aibu. Mkwe wangu, Mzee Mughwai, baba yake mke wangu Martina, anachezea shamba la jirani. Wamejua kwa mila yetu siwezi kumgusa mkwe, basi mpira wote wanampa yeye. Mara tatu amenipita nimesimama kama kigingi. Wenzangu wananicheka: "Treni, kumbe breki yako ni mzee!" Jumamosi ya kuamkia Pasaka tunarudiana. Nifanyeje?

Mdogo wako, Alute


Mungaa, 22 Machi 1937

Mdogo wangu, marahaba. Sisi wazima, uwele umestawi. Martina anakusalimu.

Unaniuliza nini usichokijua? Mkwe haguswi. Sema mguu unauma, ukae chini. Nyama ya Bwana utaila iishe. Mkwe utakuwa naye mpaka kufa.

Dada yako


Kilosa, 16 Mei 1937

Dada, shikamoo. Nimechelewa kuandika, sikuwa na uso. Barua yako nilipewa Jumanne baada ya Pasaka, mchezo umekwisha.

Mzee alikuja na mpira. Bwana akapiga kelele, "Treni! Mkamate!" Wote wakapokea kelele hizo. Nikamshika kiunoni, nikamwangusha. Kaptura yake ikapasuka, ikabaki mikononi mwangu. Nilimwona, dada. Watu mia mbili walimwona. Wenzangu wakanibeba mabegani, na yeye bado anatafuta cha kujifunika.

Ningesema Bwana aliniamrisha, lakini sivyo. Nilichoka kuchekwa.

Kesho yake Mzee aliondoka. Nimekataa kucheza tena, na Bwana amenirudisha kukata katani. Mzee amefika? Amesema nini? Martina je?

Mdogo wako


Mungaa, 20 Juni 1937

Mdogo wangu, marahaba. Tumevuna, hatuumwi.

Mzee amefika. Anachechemea, anasema alianguka kwenye lori. Wewe hakukutaja. Lakini manamba waliorudi kutoka mashamba ya katani wamesimulia kilabuni, na sasa mambo yenu yana wimbo. Martina amerudi kwa baba yake.

Nilikwenda kwa Mzee kukuombea. Nikasema utakuja kimyakimya, na kondoo wa kusafisha aibu. Akajibu: "Alinishika mbele ya watu, aje mbele ya watu. Akijificha, Martina haondoki hapa."

Dada yako


Kilosa, 11 Julai 1937

Dada, shikamoo. Nashukuru kwa kuniombea. Maneno ya Mzee nimeyasoma mpaka karatasi imelegea. Naogopa, lakini ana haki.

Kipande changu cha siku za kazi kinajaa mwisho wa mwezi. Kondoo usinitafutie, nitamnunua mwenyewe sokoni, nimwongoze mpaka kwa Mzee. Wanaoimba wimbo ule waache waimbe nikipita.

Nitafika Jumamosi tarehe 7 Agosti, siku ya soko, asubuhi, watu wakiwa wengi.

Mdogo wako, Alute