Kanzu ya Kaka

Mpwa wangu Zaituni,

Huku Quitunda sote wazima, na mihogo imeshika vizuri.

Unauliza kipepeo jike anamjuaje dume wa kumfaa. Mwalimu wenu angeniuliza mimi! Ananusa harufu ya mbawa zake; asipoipenda, anaruka zake.

Nilimtaka Amina, mkazamjomba wako, naye alikuwa hajanikubali. Nikaazima kanzu ya kaka, imefukizwa udi mpaka vipepeo wa Palma nzima wakanifuata. Amina akanusa.

“Kanzu ya kakako imefika. Wewe uko wapi?”

Nikarudi mbio, nikavaa shati langu la kazi, linanuka pweza mkavu. Akacheka mpaka akakaa chini.

“Haya, sasa umekuja. Walete wazee wako.”

Mpaka leo ananinusa kwanza ndipo anifungulie mlango.

Mjomba wako, dume aliyechaguliwa,
Bakari