Kijani Juani, Jekundu kwa Koroboi

Jumapili, saa kumi na mbili jioni. Hapa Same upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye sukari. Nina hasira, na ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe. Hasira ya namna hiyo huwezi kuizaba kofi ikanyamaza.

Jana tulimpiga mtu. Nusura tumuue.

Naona nimeandika "tulimpiga", kama mtu anayejificha kwenye kundi. Ngoja niandike vizuri. Nilimpiga mtu.

Ilianza Ijumaa. Mdogo wangu Elisante alikuwa akichimba mfereji kwenye shamba letu la tangawizi, kijijini huko juu milimani, akaokota jiwe lenye ukubwa wa punje ya haragwe. Juani lilikuwa kijani, linapitisha mwanga kama chupa ya soda. Akalifunga kwenye kitambaa, akalala nalo mfukoni, akampigia simu Mzee Shabani, dalali wa mawe wa Makanya, ambaye amenunua mawe ya watu wa kwetu tangu mimi niko shule ya msingi. Nami nilikuwa nimepanda kumsalimia mama, maana Jumamosi sina vipindi.

Mzee Shabani alifika jana asubuhi kwa bodaboda. Akalitazama jiwe uani, kisha akaomba mahali penye giza alimulike kwa tochi ya simu, aone kama lina nyufa. Tukamwonyesha stoo, chumba kisicho na dirisha wala taa. Akaingia peke yake, na hilo ndilo kosa lake pekee. Akatoka baada ya dakika mbili, akamrudishia Elisante jiwe kwenye kitambaa chake, akakaa kwenye kigoda kunywa chai huku akifikiria bei.

Elisante akaingia stoo kulificha kwenye debe la mahindi. Akawasha koroboi. Nikasikia ananiita, nikaingia.

Kiganjani mwake kulikuwa na jiwe jekundu. Ukubwa uleule, umbo lilelile, lakini jekundu kama damu ya mbuzi.

"Dada, wewe ndiye msomi. Ni lenyewe hili?"

Nikasema, "Si lenyewe."

Nimefundisha fizikia miaka tisa. Jumatano tu nilisimama mbele ya kidato cha nne na karatasi za nailoni za rangi, nikawaambia kwamba kitu hakitembei na rangi yake mfukoni. Kinameza sehemu ya mwanga kinaoupata, kinaachia sehemu, na jicho linaona kilichoachiwa. Watoto nimewachapa kwa kulisahau hilo. Kweli mganga hajigangi.

Elisante akatokea mlango wa nyuma na baragumu, akalipuliza. Linatunzwa kwetu tangu enzi za babu, la kuitia msaragambo, kazi yetu ya pamoja. Likilia, kila nyumba inatoa mtu na jembe, na hakuna anayeuliza kwanza. Tena jana watu walikuwa karibu, wanazoa tope kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Wakaja kama arobaini, matope mpaka magotini, majembe begani. Elisante akawaambia mzee ametuibia. Basi.

Alianza yeye, akapiga kigoda teke na chai ikammwagikia mzee kifuani. Mpini wa jembe ukamtua mkononi na nikasikia mfupa unakatika, mlio mkavu wa kuni. Alipokuwa chini nilimpiga ngumi ya mdomo. Mara mbili. Nilisikia jino linaachia. Mtu mwingine akamzaba bapa la jembe usoni, jicho la kushoto likajaa damu.

Na nilifurahia. Hilo sijamwambia mtu yeyote. Ile ngumi ya pili niliifurahia.

Wakamvua nguo kulitafuta jiwe la kijani. Halipo. Mtu akasema basi amelimeza, apasuliwe, na Kiondo jirani yetu tayari alikuwa ameshika panga la migomba. Elisante kwa hasira akamrushia mzee lile jekundu usoni, likadunda, likaanguka kwenye tope, juani. Mama akainama, akaliokota, akalifuta kwa khanga.

"Elisante, si hili hapa jiwe lako?"

Lilikuwa kijani.

Ungedhani wangeacha. Wakasema kumbe ni mchawi, amegeuza jiwe mchana kweupe, amalizwe kabla hajatugeuza na sisi. Kiondo akanyanyua panga. Hapo ndipo akili ilinirudia, kwa kuchelewa kama mtoro aliyeona fimbo. Nikaudaka mkono wake, nikamwambia anifuate stoo, na kama nimemdanganya anianze mimi. Mama akamfunika mzee khanga, akaketi kando yake. Hakuna ambaye angempitia mama.

Stoo, kwa koroboi: jekundu. Nikamtoa nje: kijani. Tukarudi ndani: jekundu. Nikarudi uani nikawaeleza wote huku nahema. Jiwe hili linameza njano, linaachia kijani na nyekundu. Jua linatoa kijani na bluu ya kutosha, kwa hiyo kijani kinashinda. Moto wa utambi unatoa nyekundu nyingi na bluu kidogo mno, kwa hiyo nyekundu inashinda. Tochi ya simu ni nyeupe kama mchana, ndiyo maana mzee mwenyewe hakuona tofauti. Jiwe ni lilelile, kilichobadilika ni taa.

Kiondo akashusha panga. Watu wakaanza kuondoka mmojammoja, hawatazamani. Wengine walirudi kwenye ndiva kumalizia tope, maana asiyemaliza sehemu yake anatozwa faini.

Polisi walipofika, kijiji kizima kilisema mwalimu ndiye aliyemwokoa. Wakamchukua Elisante. Akiwa anapanda gari akaninong'oneza, "Nyamaza, dada. Una kazi ya serikali na mama anakutegemea." Neno nililosema stoo alilisikia yeye peke yake, na hadi sasa hajalitoa.

Leo mchana nilikwenda hospitali kumwona mzee. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba kwa mdomo uliovimba, mdomo niliouvimbisha mimi. Sidhani kama anajua ngumi zilikuwa za nani. Daktari amesema jicho la kushoto halitaona tena. Mkewe akanishika mikono yote miwili, akaniombea kwa Mungu, akaniambia bila mimi angekuwa mjane. Nilitamani anipige.

Kisha mzee akasema, polepole, kwa sababu ya mdomo, "Elisante namjua tangu mtoto. Hana uhakika na kitu mpaka akuulize wewe. Nani alimwambia si lenyewe?"

Nikasema, "Sijui, mzee."

Akanitazama kwa lile jicho moja. "Haya, mwalimu," akasema, akageukia ukutani.

Wengi mnaosoma ukurasa wangu huu wa mtandaoni ni wanafunzi wangu, wa sasa na wa zamani. Sasa mnajua. Ni mimi niliyesema, na Elisante amelala mahabusu ya polisi kwa neno langu. Baragumu na teke ni vyake, atavijibu. Neno ni langu. Nachapisha hili sasa hivi kabla sijala, maana najijua, nikipata usingizi nitaamka na sababu ishirini za kunyamaza. Kazi ikienda, iende. Mama tutalima naye tangawizi.

Kesho asubuhi naanzia wodini, halafu kituo cha polisi. Leo sikuwa nimefikiria hata nisimame wapi. Nilisimama kushoto kwa kitanda chake, upande wa jicho lililokufa, ikambidi ageuze shingo nzima ili anione.

Kesho nitasimama kulia.