Chumvi ya Mama na Shingo ya Dada

Dada Manka, shikamoo. Bongo joto, shati linalowa kabla hata ya chai, ila mimi mzima.

Jana nilienda Mchafukoge kwenye duka la dawa la mama mmoja wa Kihindi. Niliona aibu, nikasubiri wateja waishe. Ndio nikamwambia dada yangu ana rovu, shingo imevimba, kaacha vidonge, mama anamlisha chumvi ya madini joto kwa kijiko. Akauliza, "Anatetemeka? Moyo unaenda mbio? Macho yametoka?" Nikasema ndiyo. Akashika kichwa. "Are! Hilo si rovu la kukosa chumvi. Kinga ya mwili wake mwenyewe ndiyo inapiga tezi ya shingoni. Chumvi ya kijiko itamzidishia. Arudi kwa daktari wake, arudie vidonge!"

Anasema huko Ulaya wataalamu wanajaribu kuingiza vinasaba mwilini, viifundishe kinga iache ugomvi. Nikamuuliza, siku hizi Kariakoo kila kitu kinaingia, hadi redio za Dubai, hiyo dawa inafika lini? Akacheka. "Kijana, bado wanaijaribu kwa panya."

Nikasema basi panya wa huko wana bahati kuliko dada yangu. Akaacha kucheka, akaniuliza jina lako.

Dada, nakuomba, rudia vidonge. Na mama najua anajificha jikoni analia, eti hakukupa chumvi nzuri ulipokuwa mdogo. Msomee hapa kwa sauti: mama, si kosa lako.

Mdogo wako anayekuwaza,
Eliakimu